Sindano za Kupunguza Unene: Jinsi Tulivyochagua

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu habari za ngeli, za vitabu vya kiada na za mashindano ya insha. Safari hii wenzetu wa tawi la Kampala wametutaka tuandike juu ya jambo jingine, ambalo tumeulizwa mara nyingi katika vyumba vya walimu tangu mwaka jana: hizi sindano mpya za kupunguza unene zatofautianaje, ipi ni bora, na kwa nini sisi tulichukua ile tuliyoichukua. Sisi tuandikao ni watu wawili, mume na mke, wote walimu wa sekondari. Mume hufundisha Kiswahili, mke hufundisha hesabu na baiolojia. Tutasema "sisi" kila mahali, na pale itakapobidi kutenganisha mwili na mwili tutasema "mwenye moyo" na "mwenye sukari", kwa kuwa ndivyo daktari wetu alivyozoea kututofautisha.

Mwenye moyo alipatwa na mshtuko wa moyo mwaka 2021, akanusurika, na uzito wake ulipopimwa Januari 2025 ulikuwa kilo 112. Mwenye sukari amekuwa na ugonjwa huo tangu mwaka 2017. Uzito wake ulikuwa kilo 104 kwa urefu wa mita 1.60, na vipimo vya mkojo vya miaka miwili mfululizo vilionyesha kwamba figo zimeanza kuvujisha protini. Daktari alitwambia kwamba kila mmoja wetu angefaidika na dawa hizo. Kisha tukaenda kuuliza bei. Gharama ya mwezi mmoja kwa mtu mmoja iliukaribia mshahara mzima wa mwalimu wa masomo ya sanaa. Itakumbukwa kwamba mwaka 2022 serikali ya Uganda iliwapandishia mishahara walimu wa sayansi wenye shahada hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wenzao wa sanaa wakagoma. Basi nyumbani kwetu pengo hilo hulala kitanda kimoja. Kwa mishahara yote miwili, baada ya karo na kodi ya nyumba, tuliweza kumnunulia dawa mtu mmoja. Kwa hiyo swali letu lilikuwa na sehemu mbili, dawa ipi na nani aipate, na sehemu ya pili ndiyo iliyotukosesha usingizi.

Tuanze na dawa zenyewe. Mtu alapo, utumbo wake hutoa homoni iitwayo GLP-1, ambayo huliamsha kongosho litoe insulini, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na huupelekea ubongo habari kwamba tumeshiba. Homoni hiyo ya asili hudumu katika damu kwa dakika chache tu. Wataalamu walihitaji kitu kinachofanana nayo lakini kisichovunjika upesi, na kielelezo cha kwanza kilitoka mahali pasipotazamiwa: katika mate ya mjusi mmoja mwenye sumu, akaaye katika majangwa ya Marekani na Mexico. Daktari John Eng wa New York aliigundua kemikali hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na dawa iliyotokana nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa sukari. Ilidungwa mara mbili kwa siku. Baadaye ikaja liraglutaidi, ambayo ni sindano ya kila siku, na ambayo mwaka 2014 iliidhinishwa kwa ajili ya unene kwa jina la Saxenda. Ikafuata semaglutaidi ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, ambayo hudungwa mara moja kwa juma: Ozempic kwa wenye sukari, iliyoidhinishwa mwaka 2017, na Wegovy kwa wenye unene, mwaka 2021. Hizo mbili ni dawa moja yenye majina mawili na vipimo tofauti, jambo ambalo wauzaji wengine hawapendi kulieleza. Mwisho ikaja tirzepataidi ya kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, nayo ni ya kila juma. Hii huigiza homoni mbili kwa pamoja, GLP-1 na nyingine iitwayo GIP. Jina lake kwa wenye sukari ni Mounjaro, tangu mwaka 2022. Kwa wenye unene huko Marekani ni Zepbound, tangu mwaka 2023. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alipolisikia jina la Mounjaro alituuliza ni mlima wa wilaya gani.

Hapa waruhusiwe walimu wa lugha kusema neno moja. Katika Kiswahili tunayo njaa, tunayo hamu, tunao uchu, na tunao ulafi. Njaa haina lawama. Ulafi una lawama tupu. Mtu mnene akikaribia sahani, watu humpa moja kwa moja lile neno la mwisho, wala hawaulizi kama tumbo lake limepata habari za shibe. Mwenye sukari, ambaye kwa miaka ishirini ameambiwa na mashangazi wa pande zote mbili kwamba ajizuie, alipomaliza wiki ya sita ya sindano alisema jambo ambalo hatujalisahau: kwamba kwa mara ya kwanza tangu ujana wake aliiacha ndizi ya matoke nusu sahani bila ya kupigana nayo. Hakujizuia. Alishiba. Kwa maoni yetu, Kiswahili kingetenda haki zaidi kama dawa hizi zingeitwa sindano za shibe. Hilo la "kupunguza unene" ni matokeo yake. Lakini watu wamekwisha kuzoea, na mwenye duka la dawa hangetuelewa.

Sasa tuje kwenye mashindano ya nguvu. Liraglutaidi tuliiacha mapema. Katika jaribio lake kubwa lililochapishwa mwaka 2015, waliotumia walipungua kwa wastani wa asilimia 8 ya uzito wao katika wiki 56, na ni sindano ya kila siku iwakayo jua, inyeshayo mvua. Semaglutaidi ya miligramu 2.4, katika jaribio la mwaka 2021 lenye watu 1,961, iliwapunguza kwa wastani wa asilimia 14.9 katika wiki 68, na wale waliochomwa sindano isiyo na dawa wakapungua asilimia 2.4. Tirzepataidi, katika jaribio la mwaka 2022 lenye watu 2,539, iliwapunguza kwa asilimia 15 hadi 20.9 kwa kadiri ya kipimo, katika wiki 72. Mwaka 2025 zilikutanishwa uso kwa uso katika watu 751: tirzepataidi asilimia 20.2, semaglutaidi asilimia 13.7. Jaribio hilo liligharamiwa na mwenye tirzepataidi, na wahusika walijua wanachomwa nini. Hata hivyo tofauti ya namna hiyo haiwezi kupuuzwa. Kwa hiyo mwalimu anayetuuliza ipi hupunguza kilo nyingi zaidi, jibu letu ni fupi: ni tirzepataidi.

Wengi huishia hapo. Sisi tulizuiwa na mwenye hesabu. Alitaka kujua kwanza waliopimwa walikuwa akina nani. Katika lile jaribio la semaglutaidi la mwaka 2021 takriban robo tatu walikuwa wanawake na takriban robo tatu wazungu, na hapakuwa na mgonjwa wa sukari hata mmoja. Wenye sukari walipimwa peke yao, nao hupungua kidogo zaidi kwa dawa zote mbili: asilimia 9.6 kwa semaglutaidi ya kipimo cha juu, na asilimia 14.7 kwa tirzepataidi ya kipimo cha juu. Hesabu za magazeti, zinazomwahidi kila mtu theluthi au robo ya mwili wake, hazikuandikwa kwa ajili ya mtu kama mwenye sukari wetu.

Likaja swali la nani. Kwa muda wa wiki mbili palikuwa na ubishi wa ajabu nyumbani, maana kila mmoja alikuwa wakili wa mwenzake. Mwenye sukari alikuwa na hoja nzito. Mwaka 2023 lilichapishwa jaribio liitwalo SELECT, la watu 17,604 wenye umri wa miaka 45 na zaidi, wanene, wenye ugonjwa wa moyo au mishipa na wasio na sukari. Ni kana kwamba walimwita mume wake kwa jina. Semaglutaidi ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi. Mwenye moyo naye alijibu kwamba moyo wake una dawa nyingine, za bei nafuu, ambazo amezimeza tangu mwaka 2021 na hajalala hospitali tena, ilhali figo za mwenzake zinakwenda mteremkoni.

Aliyetuamulia ni daktari, kwa kutufanyia hesabu ambayo twaona inafaa kufundishwa katika kidato cha tatu. Alisema: acheni asilimia ya asilimia, hesabuni watu. Katika SELECT, kwa muda wa miezi arobaini hivi, katika kila watu 200 wasiopewa dawa 16 walipatwa na tukio baya, na katika kila 200 waliopewa walikuwa 13. Asilimia 20 ni kweli, na watu 3 katika 200 ni kweli vilevile. Kisha akalifungua jaribio jingine, liitwalo FLOW, lililochapishwa Mei 2024. Hilo lilikuwa la watu 3,533 wenye sukari na figo zilizokwisha kudhurika, na dawa ilikuwa semaglutaidi ya miligramu 1 tu kwa juma, yaani Ozempic ya kawaida. Waliangalia nani figo zake zimekufa au zimepoteza nusu ya nguvu, au nani amefariki kwa sababu ya figo au moyo. Katika miaka mitatu na kitu, kwa kila watu 200 wasiopewa dawa walikuwa 46. Kwa waliopewa walikuwa 37. Tofauti ni watu 9. Jaribio hilo lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu faida ilikuwa imeonekana wazi.

Tuliitazama ile karatasi bila ya kusema. Watu 3 upande mmoja, watu 9 upande wa pili, na fedha za mtu mmoja. Mwenye moyo alikunja karatasi, akasema mjadala umefungwa. Hatutaki kuwapamba wasomaji kwa kusema kwamba hakukosa kitu. Amekosa, mmoja wa wale watatu angeweza kuwa yeye, na jambo hilo twalijua sote wawili kila Jumapili jioni sindano itolewapo katika jokofu.

Baada ya hapo kuchagua dawa hakukuwa kugumu. Tirzepataidi ingempunguzia mwenye sukari kilo nyingi zaidi, na sukari yake pia ingeshuka zaidi. Lakini jambo tulilolinunua hasa lilikuwa figo, na ushahidi wa figo uliokuwa mezani, kwa jaribio lililofanywa kwa ajili hiyo, ulikuwa wa semaglutaidi. Hata wakuu wa dawa wa Marekani waliiidhinisha Ozempic kwa kazi hiyo Januari 2025. Pili, kipimo kilichohitajika kilikuwa miligramu 1, si 2.4, na bei hufuata kipimo. Tatu ni umeme. Dawa zote hizi hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, wala zisigande. Kalamu ya Ozempic ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje ya jokofu siku 56, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Tirzepataidi iwekwayo nje huruhusiwa siku 21. Kwa mtaa wetu, ambako umeme hukatika bila ya taarifa, siku 35 za ziada ni hoja ya kitabibu kabisa. (Chombo cha kudungia, wasomaji wajue, huitwa kalamu. Tumekwisha kusikia mizaha yote inayoweza kufanywa na walimu juu ya neno hilo.)

Binti yetu ni mwuguzi Uingereza, na wengi walidhani angetutumia dawa kwa mkono wa msafiri. Alikataa, nasi twamsifu. Dawa ya kudunga isiyojulikana imelala wapi na kwa joto gani haifai kuingia mwilini, na Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo Juni 2024 juu ya Ozempic za bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Tena bei za huko si za kutegemea: Septemba 2025 mwenye Mounjaro alipandisha bei yake Uingereza, na ile ya kipimo cha juu ikawa zaidi ya maradufu. Marekani mwaka 2024 bei iliyotangazwa ya Wegovy ilikuwa karibu dola 1,350 kwa mwezi, na ya Zepbound karibu dola 1,060. Baadaye wenye dawa walianza kuwauzia kwa bei ndogo zaidi wasio na bima. Kwa hiyo anayekusanya fedha asihesabu kwa bei aliyoisikia redioni.

Kabla ya sindano ya kwanza daktari alimtaka mwenye sukari apimwe macho, kwa kuwa sukari ikishuka kwa ghafla macho yaliyokwisha kuharibika huweza kuzidi kuharibika. Alimwuliza kama katika ukoo wake kuna saratani ya namna fulani ya tezi ya shingoni, ambayo humkataza mtu dawa hizi zote. Alimwuliza kama kongosho lake limewahi kuvimba, na kama ana mawe katika mfuko wa nyongo. Mwanamke anayetaka kushika mimba hutakiwa kuiacha semaglutaidi miezi miwili kabla. Na anayetumia tirzepataidi pamoja na vidonge vya kuzuia mimba aambiwe kwamba vidonge hivyo huweza kupungua nguvu. Twayataja haya kwa sababu katika vyumba vya walimu tumewasikia watu wakitaka kuazimana kalamu. Kalamu haiazimwi, hata kwa kubadili sindano.

Kipimo cha kwanza ni miligramu 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5, kisha 1. Haraka haina nafasi, maana anayeruka ngazi hutapika. Hata kwa mwendo huo wa pole mwenye sukari alichafukwa na roho siku mbili baada ya kila sindano kwa mwezi wa pili wote, akafunga choo, na chakula cha mafuta kikamshinda. Alifundisha hesabu za mafungu akiwa ameegemea meza. Mwezi wa nne mambo yakatulia.

Lilikuwako jambo ambalo hakuna karatasi ya dawa iliyotuonya. Nchi hii katika miaka ya 1980 iliupa ugonjwa wa Ukimwi jina la Slim, kwa sababu waliopatwa nao kule Rakai na Masaka walikonda mbele ya macho ya watu wakafa, na madaktari waliuandika ugonjwa kwa jina hilohilo mwaka 1985. Sisi tulikuwa watoto, lakini twawakumbuka waliokonda. Mtu wa rika letu akipungua, jirani hamsifu, humwangalia mikono. Mwenye sukari alipofikisha kilo 97 mama mkwe alisafiri kutoka kijijini, akakaa siku tatu bila ya kuuliza neno, siku ya nne akaomba kuonyeshwa dawa. Tulimwonyesha kalamu, tukamsomea karatasi yake kwa Kiswahili na kwa Kiganda, mstari kwa mstari. Alisikiliza, kisha akauliza kwa nini mtu alipie fedha nyingi kiasi hicho ili ale kidogo, na hatukuwa na jibu lililomridhisha. Shuleni pia palikuwa na minong'ono, hata mwenye sukari akaamua kuwaeleza walimu wenzake hadharani wakati wa chai. Kwa maoni yetu, anayeanza dawa hizi katika nchi yetu na apange mapema atakachowaambia watu, kama apangavyo fedha.

Basi matokeo ni haya. Baada ya miezi minane uzito wake ni kilo 94. Sukari imeteremka, na daktari amekwisha kumpunguzia vidonge. Protini katika mkojo imepungua, ingawa haijaisha. Mwenye moyo, ambaye hupika na kula chungu kimoja na mwenzake, amepungua kilo 5 bila ya sindano, naye hutembea kwenda shuleni badala ya kupanda bodaboda.

Linalotusumbua ni muda. Waliopimwa na kisha wakaacha semaglutaidi walirudishiwa, katika mwaka mmoja, theluthi mbili za uzito walioupoteza; na kwa tirzepataidi habari ni za namna hiyohiyo. Dawa hii basi ni kama ile ya shinikizo la damu, haina siku ya kuhitimu. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza semaglutaidi na tirzepataidi katika orodha ya dawa za lazima kwa wenye sukari na unene ambao pia wana ugonjwa wa moyo au figo, na hataza ya semaglutaidi nchini India, yaani haki ya kampuni kuitengeneza peke yake, ukomo wake ni mwaka 2026. Madawa mengi ya Uganda hutoka India. Mwenye hesabu amekwisha kupiga hesabu: bei ikishuka kwa nusu, mwenye moyo naye ataanza na miligramu 0.25. Kipimo chake cha damu kimewekwa tayari ndani ya faili, na karo ya muhula wa kwanza italipwa kwanza.